Kasha Ni Lako, Ufunguo Ni Wao: Kwa Nini Mteja wa Kebo Marekani Bado Anakodi King'amuzi

Mtu anayehama Dar es Salaam au Mombasa kwenda kuishi Marekani hukutana na jambo la ajabu kwenye bili yake ya kwanza ya televisheni ya kebo. Kwao alinunua king'amuzi dukani, akafungiwa dishi au antena, na baada ya hapo kilichobaki ni kulipia kifurushi. Huku anakuta mistari inayojirudia kila mwezi: kodi ya king'amuzi cha sebuleni, kodi ya king'amuzi cha chumbani, na nyingine ya kile kinachorekodi vipindi. Akikaa miaka mitano na kampuni hiyohiyo, bei ya kifaa inakuwa imelipwa ikapita, na bado siku akikatisha huduma anatakiwa kukirudisha pamoja na rimoti yake.

Mwaka 2015 maseneta Edward Markey na Richard Blumenthal walitangaza majibu waliyopata kutoka kampuni kubwa za televisheni ya kulipia. Takriban asilimia 99 ya wateja walikuwa wakikodi. Kwa wastani kaya moja ililipa dola 231.82 kwa mwaka kwa ajili ya ving'amuzi peke yake, na king'amuzi kimoja kilileta dola 89.16. Ukigawanya utaona kaya ya wastani ilikuwa na vifaa viwili na nusu hivi. Kwa nchi nzima, makadirio yao yalikuwa dola bilioni 19.5 kila mwaka.

Kinachoshangaza ni kwamba sheria ya nchi hiyo, tangu mwaka 1996, inataka mambo yawe kinyume. Kifungu cha 629 cha Sheria ya Mawasiliano kinaiagiza Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, ihakikishe mteja anaweza kununua king'amuzi kutoka kwa mtengenezaji au muuzaji asiyefungamana na kampuni inayomuuzia chaneli. Miaka zaidi ya ishirini ilitumika kujaribu kutekeleza sentensi hiyo. Majaribio yalikuwa ya kweli, yakala fedha, na karibu yote yakaishia njiani. Ili kuelewa sababu, inabidi kwanza kulitazama kasha lenyewe ndani, maana lina vitu viwili vya asili tofauti vilivyobandikwa pamoja: kifaa, na ufunguo.

Simu ilifunguliwa kirahisi kwa nini?

Waliotunga kifungu cha 629 walikuwa na mfano kichwani. Hadi miaka ya 1960, AT&T ilikataza mteja kuunganisha chochote kisicho chake kwenye mtandao wake wa simu. Thomas Carter wa Texas alitengeneza kifaa kilichounganisha simu na redio za upepo, chenye soko hasa kwa watu wa visima vya mafuta, na kampuni ikakipiga marufuku. Mwaka 1968 Tume iliamua kwamba mteja anaruhusiwa kuunganisha kifaa chake mwenyewe ilimradi hakidhuru mtandao. Kutokana na uamuzi huo zikaja simu za kununua madukani, mashine za kujibu simu, faksi, na modemu zilizoingiza watu kwenye intaneti.

Lakini waya wa simu hauna siri. Ni nyaya mbili za shaba zenye volti zinazojulikana na mlio unaojulikana, na kila simu iliyotengenezwa vizuri hufanya kazi kwenye kila laini. Kebo ya televisheni ni habari nyingine.

Ndani ya king'amuzi

Kampuni ya kebo hupeleka chaneli zilezile kwa nyumba zote za mtaa kwenye waya mmoja wa koaksia. Nafasi ya waya huo imegawanywa katika vipande vya masafa, kila kimoja megahezi 6. Kwa mfumo uitwao 256-QAM, kipande kimoja hubeba megabiti 38.8 kwa sekunde. Kwa mbano wa zamani wa MPEG-2 hizo hutosha chaneli 2 au 3 za HD, au kama 10 za picha ya kawaida.

King'amuzi kina kazi nne. Kinachagua kipande kinachotakiwa kwa kutumia tyuna. Kinafungua picha iliyofungwa. Kinaifumua picha iliyobanwa ili iweze kuonyeshwa. Mwisho kinachora menyu, ratiba na orodha ya vipindi ulivyorekodi. Kazi ya kwanza, ya tatu na ya nne kiwanda chochote cha vifaa vya umeme kinaziweza, na pengine kinazifanya vizuri kuliko kampuni ya kebo. Mtu aliyewahi kuhangaika na menyu nzito ya king'amuzi cha kukodi hatabisha.

Kazi ya pili ndiyo fundo. Picha hufungwa kwa neno la siri linalobadilika kila baada ya sekunde chache. Neno hilo husafiri kwenye waya huohuo, nalo likiwa limefungwa, ndani ya ujumbe mfupi uitwao ECM. Kuna ujumbe wa aina ya pili, EMM, unaotumwa kwa kifaa kimoja kimoja kwa namba yake: wewe umelipiwa kifurushi hiki, wewe hujalipiwa. Sehemu ya kasha inayopokea EMM, ikaamua kama ECM ifunguliwe, ndiyo tunayoiita ufunguo hapa. Hiyo ndiyo inayofanya malipo yako ya mwezi yawe na maana kwa kampuni, na ndiyo inayomtuliza mwenye haki za filamu.

Marekani ufunguo huo ulikuwa wa aina kuu mbili, kila moja siri ya mwenyewe: PowerKEY ya Scientific-Atlanta, iliyokuja kuwa mali ya Cisco, na DigiCipher, iliyotoka General Instrument na kuingia Motorola. Mji mmoja ulitumia huu, mji wa pili ule. Hata kama mtu angeruhusiwa kununua king'amuzi cha Motorola, akihamia mji wenye mitambo ya Scientific-Atlanta angebaki na kopo.

Kadi iliyong'olewa kwenye kasha

Mwaka 1998 Tume ilichagua njia iliyoonekana ya busara: ufunguo ung'olewe kwenye kifaa. Kampuni ya kebo itoe kadi yenye ufunguo wake, na mtengenezaji yeyote atengeneze televisheni au mashine ya kurekodi yenye tundu la kuchomeka kadi hiyo. Sheria ilikuwa imekataza Tume kuweka kanuni zinazohatarisha usalama wa huduma dhidi ya wizi, kwa hiyo kadi ilibaki mali ya kampuni. Kampuni zilitakiwa ziwe na kadi hizo ifikapo Julai 1, 2000.

Kadi zikawepo, matundu hayakuwepo. Watengenezaji wa televisheni na kampuni za kebo walivutana mpaka Desemba 2002 ndipo wakakubaliana, Tume ikapitisha makubaliano hayo mwaka 2003, na televisheni zenye tundu zikaingia madukani baadaye. Kadi ikapewa jina la CableCARD. Kwa umbo ni sawa na zile kadi za PCMCIA zilizokuwa zikichomekwa ubavuni mwa kompyuta mpakato: upana na urefu wa kadi ya benki, unene wa milimita 5.

Makubaliano hayo yalikuwa na kasoro moja iliyokuja kugharimu sana. Yalihusu vifaa vya njia moja tu, yaani vinavyopokea bila kujibu. King'amuzi cha kampuni kiliweza kutuma maombi kurudi kwenye mtambo, kile ulichonunua hakikuweza. Maana yake hukuweza kuagiza filamu kwa rimoti wala kutazama maktaba ya vipindi vya kampuni. Ulilipia huduma ileile, ukapata pungufu.

Jinsi ilivyofungwa, na ilivyokwama

Inafaa kueleza hatua zenyewe, kwa sababu humo ndimo sera nzuri ilimomwagikia.

Kwanza ulihitaji kadi sahihi. Kadi za mwanzo, S, zilifungua chaneli moja tu kwa wakati mmoja. Mashine ya kurekodi yenye tyuna mbili ilitaka kadi mbili. Kadi za M zilizofuata zinaweza kufungua hadi mikondo 6, hivyo kadi moja hutosha mashine kama TiVo yenye tyuna sita, au kisanduku cha HDHomeRun PRIME chenye tyuna tatu kinachosambaza picha kwenye mtandao wa nyumba. Makosa ya mwanzo kabisa yalikuwa ya fundi kuja na kadi ya S mfukoni wakati mashine inataka M.

Kadi ikichomekwa, kwenye skrini hutokea ukurasa wenye namba tatu ndefu: namba ya kadi, namba ya kifaa, na namba inayoitwa Data ID. Mteja humpigia simu mhudumu wa kampuni na kumsomea zote. Mhudumu anapaswa kufanya mambo mawili tofauti. La kwanza ni kuiwasha kadi kwa kifurushi ulicholipia. La pili ni kuioanisha kadi na kifaa, ili ikihamishiwa kwenye kifaa kingine isifanye kazi.

Hapo ndipo wengi walipotea, na dalili yake ilikuwa ya kupotosha. Kila chaneli hubeba alama inayosema inaruhusiwa kunakiliwa kiasi gani: bila mipaka, mara moja, au kamwe. Kadi iliyowashwa bila kuoanishwa hufungua chaneli zenye alama ya kunakiliwa bila mipaka, ambazo aghalabu ni zile za hapohapo mjini, na kuziacha nyeusi zenye masharti, ambazo ndizo za filamu na michezo ulizolipia zaidi. Mhudumu anaona kadi iko hewani. Mteja anaona chaneli arobaini zinafanya kazi na thelathini hazifanyi, anadhani ni kifurushi. Simu ya pili inazungumzia kifurushi, ya tatu waya, ya nne anapangiwa fundi wa wiki ijayo. Na chanzo ni tarakimu moja ya Data ID iliyosikika vibaya kwenye simu. Ndiyo maana waliozoea kazi hii walijaribu kadi kwa chaneli ya filamu kwanza, kamwe si kwa chaneli ya taarifa ya habari ya mtaani, na walisoma namba tarakimu mbilimbili huku mhudumu akizirudia.

Tatizo la pili lilikuwa la nguvu ya mawimbi. Kila spilita ya kugawa waya mara mbili hupunguza kama desibeli 3.5 kwa kila upande. Ya kugawa mara nne, kama 7. Mteja aliyeongeza mashine yake mwenyewe mara nyingi aliongeza na spilita ya bei rahisi isiyofika megahezi 1000, na chaneli za masafa ya juu zikaanza kukatikakatika na kuwa na viraka vya mraba. Tiba ni kuondoa spilita zisizotumika, kuweka moja bora yenye maandishi ya megahezi 5 hadi 1002, na kukaza viunganishi kwa spana, siyo kwa vidole. Kuongeza kipaza mawimbi bila kupima kunaweza kuharibu zaidi, kwa kuwa mawimbi yenye nguvu kupita kiasi huichanganya tyuna sawasawa na yaliyo dhaifu.

Tatizo la tatu lilitoka kwenye kampuni zenyewe. Ili kubana nafasi kwenye waya, kampuni kadhaa ziliacha kutuma chaneli zote muda wote. Chaneli isiyotazamwa na mtu mtaani haitumwi. King'amuzi kikiihitaji hutuma ombi, na mtambo unaianzisha. Wazo zuri la uhandisi, ila kifaa cha njia moja hakiwezi kuomba. Kwa hiyo kuanzia mwaka 2008 ikabidi kuwe na kisanduku kingine, kinachochomekwa kwenye mashine yako kwa waya wa USB, kazi yake ni kuomba chaneli kwa niaba yake. Nacho kilitaka waya wake wa koaksia, umeme wake, na kuzimwa na kuwashwa kila kilipoganda. Mtu aliyenunua mashine yake ili aondokane na kasha la kampuni akajikuta na kasha la kampuni nyuma ya mashine yake.

Mwaka 2010 Tume ilijaribu kurekebisha: kampuni ziruhusu mteja ajifungie kadi mwenyewe bila kulazimishwa kumlipa fundi, zitoe kadi za M, na bei ya kadi ionyeshwe wazi. Ilikuwa kuchelewa. Televisheni zenye tundu zilikuwa zimeshatoweka sokoni, maana kwa mtengenezaji tundu lilikuwa gharama inayozaa malalamiko. Kwa hesabu zilizotolewa na upande wa kampuni za kebo katikati ya miaka ya 2010, kadi zilizokuwa kwenye vifaa vya wateja wenyewe zilizidi kidogo 600,000. Zilizokuwa ndani ya ving'amuzi vya kukodi zilizidi milioni 50.

Mbona kulikuwa na kadi ndani ya ving'amuzi vya kukodi?

Hiyo ilikuwa silaha nyingine ya Tume, na kwa maoni yetu ndiyo iliyokuwa na akili zaidi. Kama kampuni inatumia ufunguo wa kujengewa ndani kwenye makasha yake, na kadi ni ya wateja wachache wasumbufu, haina sababu ya kuhakikisha kadi inafanya kazi vizuri. Kwa hiyo Tume ikapiga marufuku ufunguo wa kujengewa ndani kwa vifaa vipya. Tarehe iliyowekwa mwanzo ilikuwa Januari 2005. Ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka Julai 1, 2007. Tangu siku hiyo hata kasha jipya la kampuni likawa na kadi mgongoni.

Kampuni zilipinga mahakamani zikashindwa, kisha zikaenda Bungeni zikashinda. Hoja yao ilikuwa kwamba kadi imewagharimu zaidi ya dola bilioni moja bila faida kwa mtu. Mwaka 2013 mahakama ya rufani ya Washington nayo ilibatilisha kanuni za mwaka 2003 zilizobeba viwango vya kadi, na sheria iliyosainiwa Desemba 2014 ikafuta marufuku yenyewe kuanzia Desemba 4, 2015.

Hapa kuna la pembeni linalosema mengi. Mwaka 2011 shirika la mazingira la NRDC lilipima umeme wa ving'amuzi na kukuta kasha la HD la kurekodi pamoja na kasha la pili la HD vinakula kilowati-saa 446 kwa mwaka, zaidi ya friji mpya yenye matumizi nafuu. Theluthi mbili hivi za umeme wote wa ving'amuzi nchini zilitumika wakati hakuna anayetazama. Haishangazi. Anayechagua kifaa ni kampuni, anayelipa umeme ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba hana duka la kwenda kutafuta kingine.

Njia nyingine zilizojaribiwa

Kampuni za kebo zilikuja na tru2way: televisheni ya kununua dukani ambayo ingepakua programu ya kampuni na kuongea na mtambo pande zote mbili. Panasonic ilizitoa mwaka 2008 katika miji michache. Mtengenezaji alitakiwa kukubali menyu ya kampuni itawale skrini yake, na wengi hawakuona faida ya kutengeneza televisheni inayofanana na kasha la kukodi. Mwaka 2010 Tume ikapendekeza AllVid, kisanduku kidogo cha kampuni kinachofungua picha na kuitoa kwa lugha moja ya mtandao ambayo kifaa chochote kingeielewa. Halikufika kuwa kanuni.

Jaribio la mwisho kubwa lilikuja Februari 18, 2016, Tume ilipopiga kura tatu kwa mbili chini ya mwenyekiti Tom Wheeler. Pendekezo lilizitaka kampuni zitoe mikondo mitatu ya taarifa kwa watengenezaji wote: chaneli na vipindi vilivyopo, haki za mteja huyu ni zipi, na picha yenyewe. Ufunguo ungebaki kuwa wa viwango vilivyokubalika sokoni, bila kadi. Aprili mwaka huo Rais Obama aliliunga mkono hadharani.

Upinzani uliotikisa safari hii haukutoka kwa kampuni za kebo peke yake. Wenye chaneli na studio walisema mikataba yao inasema chaneli ikae namba ngapi, tangazo lipi lisifunikwe, kipindi kisionyeshwe pembeni ya nini. Kifaa cha mtu wa tatu hakijasaini mkataba huo. Kingeweza kuipanga orodha upya, kuweka matangazo yake, au kuchanganya matokeo ya utafutaji na video za wizi. Ofisi ya Hakimiliki ilitoa barua ya wasiwasi Agosti 2016. Hofu hizo si za kubuni zote. Ila ni kweli pia kwamba waliopaza sauti sana hawakuwa na uchungu na zile dola bilioni 19.5.

Wheeler akabadilisha pendekezo: badala ya mikondo mitatu, kampuni zitoe programu zao bure kwenye vifaa vikubwa vinavyouzwa madukani. Kura ilipangwa Septemba 29, 2016, ikaondolewa kwenye ajenda siku hiyohiyo. Januari 2017 mwenyekiti mpya, Ajit Pai, alilitoa pendekezo mezani. Septemba 2020 Tume ikafuta hata wajibu wa kampuni kuhudumia CableCARD na kutoa taarifa zake.

Programu badala ya kasha

Hata hivyo sehemu kubwa ya pendekezo la pili imetokea yenyewe, kwa nguvu ya soko. Mteja wa kampuni za kebo kama Xfinity au Spectrum anaweza kutazama chaneli zake kwa programu ya kampuni kwenye Roku, kifaa kidogo cha kutazamia video kwa intaneti, alichonunua mwenyewe, bila king'amuzi kwenye televisheni hiyo. Kodi inapungua. Lakini ufunguo haujabadilisha mikono. Umetoka kwenye kadi ukaingia kwenye programu, na programu hufanya kazi kwa mapatano ya wakubwa wawili. Desemba 2020 programu ya Spectrum iliondolewa kwenye duka la Roku kwa sababu kampuni hizo mbili hazikuafikiana, ikarudi Agosti 2021. Miezi hiyo yote mtu aliyenunua Roku mpya hakuweza kuiweka, ingawa kifaa ni chake na kifurushi amelipia.

Ulaya walianza kwa kulazimisha tundu kwenye televisheni kisheria. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 lilitaka kila televisheni ya dijitali yenye skrini inayozidi sentimita 30 iwe na tundu la wazi, na watengenezaji wote wakatumia lile la DVB, viwango vya televisheni ya dijitali vilivyoanzia Ulaya, liitwalo Common Interface. Kwa hiyo aliyeko Ujerumani anaweza kuchomeka moduli na kadi ya kampuni moja kwa moja kwenye televisheni, akasahau kasha. Toleo jipya, CI+, lililoanza mwaka 2008, liliongeza masharti: mwenye chaneli anaweza kuzuia kurekodi, au kuzuia kuruka matangazo katika ulichorekodi. Ufunguo ukarudi kuuma.

Na Afrika Mashariki? Huko king'amuzi ni mali ya mteja, kwa hiyo mtu angedhani tumewatangulia Wamarekani. Sivyo. Kasha la setilaiti la kampuni moja lina tyuna ya DVB-S2 inayoweza kupokea mawimbi ya jirani yake bila shida, lakini ufunguo ni wa kampuni iliyokuuzia. Ukihamia kampuni nyingine, dishi linabaki lako ukiligeuzia setilaiti mpya, LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, inaweza kufaa, waya wa RG6 unabaki, HDMI inabaki. Kasha na kadi vinaingia kabatini. Kilicho karibu zaidi na umiliki kamili ni kisanduku cha chaneli za bure kisicho na kadi, cha DVB-T2 kwa antena, kama vilivyoenea Kenya baada ya mitambo ya analojia kuzimwa mwaka 2015. Hicho hakina bwana, kwa sababu hakina cha kufungua.

Kwa anayelipa bili Marekani leo

Anza na bili. Tenganisha mistari ya vifaa na mistari ya ada. Ile iitwayo ada ya televisheni za matangazo, yaani chaneli zinazorushwa hewani, si kodi ya kifaa, na haitapungua ukirudisha makasha yote. Kodi ya king'amuzi, ya huduma ya kurekodi, na ya modemu ndizo unazoweza kuzigusa.

Modemu ndiyo ushindi wa haraka, kwa kuwa hapo kanuni ya simu ya mwaka 1968 inafanya kazi karibu yote. Chukua kwanza orodha ya kampuni ya modemu ilizozikubali, kwa mji wako na kwa kasi yako. Nunua ya DOCSIS 3.1, kiwango cha modemu za kebo. Kama simu ya nyumbani inapita kwenye kebo, modemu ya kawaida haitakufaa; unahitaji yenye tundu la simu na iliyokubaliwa kwa sauti. Ukinunua iliyotumika, hakikisha namba yake ya MAC, inayoitambulisha kwenye mtandao, haijabaki kwenye akaunti ya mtu mwingine, maana kampuni itakataa kuisajili. Ifunge, iwashe, subiri taa ya mtandao itulie, kisha sajili kwa programu ya kampuni au kwa simu ukiwasomea MAC ya upande wa kebo. Kibandiko mara nyingi huwa na MAC zaidi ya moja.

Kwa televisheni, jaribu programu kabla ya kurudisha kasha. Angalia mambo matatu: kama chaneli zote za kifurushi chako zimo ukiwa nyumbani, zipi zinapotea ukiwa nje ya mtandao wa nyumbani, na kama vipindi ulivyorekodi vinaonekana. Baadhi ya mipango bado inalazimisha kasha moja nyumbani. Uliza kwa maandishi.

Sheria iliyosainiwa Desemba 2019 inakupa silaha mbili. Kampuni haiwezi kukutoza kodi ya kifaa ambacho haikukupa, au ambacho umesharudisha, iwe cha televisheni au cha intaneti. Tena kwa huduma ya televisheni, inatakiwa ikupe jumla ya bei ya mwezi, vifaa vikiwemo, na ndani ya saa 24 za kuingia mkataba ikutumie maelezo hayo kwa maandishi. Ukiyapokea una saa 24 za kughairi bila faini.

Ukienda kurudisha, piga picha kibandiko cha kila kasha chenye namba ya mfululizo, rudisha na adapta ya umeme na rimoti, na usiondoke kaunta bila risiti inayotaja namba hizo moja moja. Risiti iliyoandikwa "vifaa 2" haitoshi, kwa sababu madai ya kifaa kisichorudishwa huja kwa namba ya mfululizo, na wakati mwingine huja miezi kadhaa baada ya akaunti kufungwa.